MREJESHO: Kupiga kambi Lushoto na watoto

Wakuu, niliomba ushauri wa kupiga kambi Lushoto, kwenye milima ya Usambara mkoani Tanga, mwezi wa Julai, tukitokea Dar. Tumerudi salama, ahsanteni sana.

Aliyesisitiza tufike mchana Mombo, pale chini barabara ya kupanda Lushoto inapoanzia, Mungu ambariki. Zile kona za kupanda mlima si za kuendesha gizani, na ukungu ulishuka mapema. Mablanketi ya ziada yalitufaa mno, maana baridi ya usiku kule si mchezo. Turubai chini ya hema nalo lilizuia unyevu.

Kuni ziligoma, zote mbichi, tukapikia jiko la gesi. Viazi, karoti na kabichi nunueni sokoni kulekule, msibebe kutoka mjini.

Irente, sehemu ya kutazamia mandhari karibu na Lushoto mjini, tuliona bonde lote hadi kijiji cha Mazinde kule chini. Mtae, kijiji kingine cha mlimani chenye mandhari, ukungu ulifunika kila kitu.