Mninga wa Tabora kwenda Ulaya: sera ya biashara inahimiza, maliasili wanabana. Tufuate lipi?

FundiIsevya (Tabora)
Wakuu habari. Kuna mnunuzi wa Ubelgiji anataka mninga wa huku kwa namna mbili: mbao za inchi 2 kwa 8, na meza na viti vilivyokamilika. Mbao zinatoka kwa wavunaji wenye leseni, hati za kusafirishia za TFS (Wakala wa Huduma za Misitu) zipo. Sasa Sera ya Taifa ya Biashara inahimiza kuuza nje na kuongeza thamani, lakini ukigusa mninga unaambiwa vibali, CITES (mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini), sijui nini. Je, sera ya biashara ina nguvu gani hapo? Na kipi ni rahisi kupeleka, mbao au fanicha?

KaratasiZaForodha
Mkuu, sera haipitishi mzigo wala haiukamati. Kuanzia ile ya 2003 hadi toleo la 2023, mazingira yamewekwa kwenye masuala mtambuka: mwelekeo unatolewa, kisha kazi yenyewe wanaachiwa wenye sheria zao. Kwako wewe ni Sheria ya Misitu ya 2002. Bandarini utaulizwa mambo matatu tu: mti gani, uko katika umbo gani, na karatasi gani inausindikiza.

Mti: mninga ni *Pterocarpus angolensis*. Tangu 23 Februari 2023, Pterocarpus wote wa Afrika wako Kiambatisho cha II cha CITES, pamoja na mikangazi (Khaya) na mikongo (Afzelia). Mkurungu ulitangulia, 2019. Kiambatisho cha II si katazo. Maana yake hautoki bila kibali, na kibali hakitoki mpaka mamlaka ijiridhishe kwamba mti umepatikana kihalali na kwamba uvunaji hauhatarishi jamii ya mti huo. Hati ya kusafirishia ya TFS inathibitisha lile la kwanza tu, tena ni ya safari ya ndani. Wengi wanafika Dar wakidhani inatosha.

Umbo: orodha ya CITES kwa mninga inataja magogo, mbao zilizopasuliwa, vinia (tabaka nyembamba za mbao), plywood na mbao zilizochongwa kingo au nyuso mfululizo (zile za namba ya forodha 4409, kama mbao za sakafu za ulimi na mfereji). Viti na meza (9401 na 9403) havimo. Milango (4418) haimo. Lakini usijaribu ujanja: ubao uliorandwa tu, hata ukiuandika "uso wa meza", forodha watausoma kama 4407, yaani mbao, na mzigo utakaa.

Karatasi: kibali cha CITES hudumu miezi 6 isiyozidi, na kinaandikwa kwa mita za ujazo. Hapa ndipo hesabu huvurugika. Mbao 100 za inchi 2 × 8 × futi 12 ni takriban m³ 3.78. Ukizirandia hadi milimita 45 × 195 baada ya kuomba kibali, zinabaki m³ 3.21. Orodha ya mzigo inasema moja, kibali kinasema jingine. Kuzidi ni kosa, kupungua ni maswali. Randa kwanza, pima, ndipo uombe. Na mnunuzi wako naye lazima apate kibali cha kuingizia Ubelgiji kabla mzigo haujafika, kwa sababu Umoja wa Ulaya haukubali Kiambatisho cha II kwa kibali cha upande mmoja.

Kwa hiyo fanicha ni rahisi zaidi, tena kwa mbali sana.

Gaeti_la_Magharibi
Hapo mwisho naomba nipinge kidogo. Fanicha inakwepa CITES, haikwepi kanuni ya Ulaya namba 2023/1115 ya ukataji misitu. Fanicha za mbao za 9403 na milango ya 4418 vimo kwenye orodha yake. Imeahirishwa mara mbili. Sasa kampuni kubwa na za kati zinaanza kubanwa 30 Desemba 2026, wadogo 30 Juni 2027. Anayewajibika ni mwingizaji, ila taarifa atakudai wewe: mti ulikatwa wapi hasa, na kwamba ardhi hiyo haikufyekwa msitu baada ya 31 Desemba 2020.

Kwa Tabora hili lina mtego wake. Kuchagua mninga mmoja mmoja katika msitu unaobaki msitu hakuna shida. Lakini mninga uliotoka kwenye pori lililofyekwa 2022 ili kulima tumbaku unaanguka, hata kama mkataji alikuwa na leseni na alilipa mrabaha wote. Uhalali na kutofyeka msitu ni masharti mawili tofauti.

Kingine kinachosahaulika ni kreti. Watu wanatengeneza fanicha nzuri halafu wanaifungia ndani ya vipande vya mbao mbichi vilivyobaki karakana. Kifungashio cha mbao halisi (si plywood) lazima kitibiwe, kwa kawaida kwa kupashwa joto hadi kiini kifike nyuzi 56 kwa dakika 30 mfululizo, kisha kigongwe muhuri wa ISPM 15 (kanuni ya kimataifa ya vifungashio vya mbao) na mtoa huduma anayetambuliwa na TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea. Bila muhuri, fanicha haina kosa lakini mzigo unazuiwa. Njia nyepesi: kreti ya plywood tupu, maana plywood imesamehewa sharti hilo.

FundiIsevya
Shukrani sana. Hizo taarifa za eneo zinachukuliwaje? Mbao zetu zinatoka kwa wavunaji watatu tofauti, na zikifika karakana zinachanganywa.

Gaeti_la_Magharibi
Zikichanganywa umeshapoteza. Kila mvunaji na rundo lake, namba ya leseni ichorwe kwa rangi kwenye kichwa cha kila ubao, na daftari lionyeshe ubao wa rundo lipi umeingia kwenye meza ipi. Mzigo mmoja unaweza kuwa na maeneo matatu, ila yote yatajwe na yote yawe safi. Moja likianguka, linaangusha mzigo mzima.

Eneo la hekta 4 kurudi chini: nukta moja ya GPS inatosha. Zaidi ya hapo unazunguka mpaka wote ukichukua nukta, na msitu wa kijiji karibu kila mara ni zaidi. Namba za latitudo na longitudo ziwe za desimali, tarakimu sita baada ya nukta, si nyuzi na dakika. Tabora mjini ni kama -5.02, 32.80. Ukisahau alama ya kutoa, msitu wako unahamia Sudan Kusini. Ukigeuza mpangilio, unaangukia Moroko. Na faili la GeoJSON (muundo wa faili la ramani) linataka longitudo kwanza, kinyume na simu nyingi zinavyoonyesha, kwa hiyo kosa hili si la wazembe peke yao. Fungua faili kwenye ramani kabla ya kulituma.

Mwalo_Kibirizi (Kigoma)
Nirudi kwenye swali la sera, maana limepitwa haraka. Kuna vizuizi vya biashara vyenye sura ya mazingira ambavyo kiini chake ni viwanda. GATT, mkataba wa biashara ulio chini ya Shirika la Biashara Duniani (WTO), kifungu cha 11 kinakataza kuzuia mauzo ya nje. Kifungu cha 20 aya ya (g) kinasamehe hifadhi ya maliasili zinazokwisha, kwa sharti kwamba na matumizi au uzalishaji wa ndani unabanwa. China ilishindwa WTO mwaka 2014 kwa madini adimu, Indonesia 2022 kwa nikeli. "Tunataka viwanda vyetu" si hoja ya mazingira, hata ikiwa hoja nzuri.

Pima vya kwetu kwa kipimo hicho. Ziwa Tanganyika lilifungwa 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, kwa makubaliano ya nchi nne: chombo hakiendi kuvua, iwe dagaa wanakwenda Kongo au soko la Kigoma. Hiyo ni hifadhi halisi. Katazo la kuuza magogo nje ya nchi linamgusa mnunuzi wa nje peke yake. Linasimama vizuri kwa sababu tu uvunaji wa ndani nao una leseni. Leseni zikilegea, katazo linabaki ulinzi wa viwanda vya kupasua mbao. Miti itakatwa ileile.

NyukiNaMiombo (Sikonge)
Nyongeza fupi, maana msitu huohuo una asali. Haidai kukata mti, ila Ulaya haiangalii ndoo yako tu. Nchi lazima iwe na mpango wa kila mwaka wa kupima masalia ya dawa, uliokubaliwa huko; nchi ikitoka kwenye orodha, asali ya wote inabaki ghalani. Kwako wewe: maji yasizidi asilimia 20, na HMF (kemikali inayoongezeka asali ikipata joto) isizidi miligramu 80 kwa kilo kwa asali ya ukanda wa joto (kwingine ni 40). Inayopandisha HMF ni kuchemsha ili ichujike haraka, na ndoo kukaa juani Septemba hadi Novemba. Chuja bila moto, weka kivulini, na ndoo isiwe imewahi kubeba dawa ya tumbaku.