Pia za kupigana za miaka ya nyuma: nizifanyie marekebisho au niziache zilivyo?

Mpenda Pia, Nakuru:

Habari zenu wanajukwaa. Kwa muda sasa nimekuwa nikikusanya pia za Beyblade za zamani kutoka kwa wauzaji wa mitumba hapa Nakuru, wale wanaofungua marobota ya vitu vya watoto na kuvimwaga juu ya turubai, magari, wanasesere na vipande vya michezo vyote pamoja. Nyingi nilizopata zina pete ya chuma, lakini moja ni nyepesi zaidi, mwili wake ni wa plastiki na kisahani cha chuma kimefichwa ndani, nami naamini ni ya kizazi cha kwanza. Karibu zote zimenifikia bila vifyatulio, yaani vifaa vya kuzirushia. Moja imepoteza ncha ya chini, na vibandiko vya kadhaa vimefifia.

Ningependa kujua jinsi ya kutambua ni pia gani niliyo nayo, hasa zile zisizo na nembo. Pili, je, ni busara kuzipaka rangi upya na kumpelekea fundi atie makali kwenye pete ili zipige kwa nguvu zaidi, au nitakuwa naharibu kitu ambacho hakitengenezwi tena? Mpwa wangu anataka tucheze nazo. Mimi natamani kuzihifadhi pia, kwa hiyo moyo wangu umegawanyika.

Kabati la Kioo, Bungoma:

Karibu sana, ndugu. Anza kwa kutenga vizazi, kwa sababu vipande vya kizazi kimoja kwa kawaida havikubali vya kingine. Kampuni ya Takara ilizindua Beyblade nchini Japani mwaka 1999, ikifuata mfano wa beigoma, pia ndogo za chuma ambazo watoto wa huko walikuwa wakizirusha juu ya kitambaa kilichofungwa kwenye mdomo wa ndoo. Pia za awamu hiyo ya kwanza hufunguka na kutoa nembo ya juu, pete ya mashambulizi, kisahani cha uzito, gia ya katikati na kitako. Hiyo yako nyepesi inaelekea kuwa mojawapo. Gia ya katikati usiipoteze, maana ndiyo inayoamua pia izunguke upande gani.

Takara iliungana na Tomy mwaka 2006, na mwaka 2008 kampuni hiyo mpya ikatoa kizazi cha pete za chuma, ambacho kampuni ya Kimarekani ya Hasbro ilianza kukiuza katika nchi za Magharibi mwaka 2010. Kwa kuwa baadhi ya mitumba yetu hutoka Ulaya na Marekani, usishangae ukikuta za Hasbro nyingi kuliko zile zilizouzwa Japani. Kizazi cha Burst kilianza mwaka 2015 na kile cha X mwaka 2023. Hivyo si vya zamani kwa maana unayoitafuta.

Pia za chuma zina jambo moja linalorahisisha utambuzi: jina lake ni maelezo ya vipande vyake. Chukua Storm Pegasus 105RF. Storm ni pete ya chuma, Pegasus ni pete ya plastiki inayokaa juu yake, 105 ni kimo cha shingo (kipande kilicho kati ya pete na ncha), yaani milimita 10.5, na RF ni ncha bapa ya mpira. Rock Leone 145WB ina shingo ya milimita 14.5 na ncha pana ya mviringo. Kwa hiyo hata kama kibandiko kimetoka, chukua rula, pima shingo, tazama umbo la ncha, nawe utakuwa umefika nusu ya safari. Angalizo moja tu: vipande hivi hubadilishana kwa urahisi, na mtoto aliyekuwa na pia hizo kabla yako huenda alizichanganya apendavyo, kwa hiyo pia iliyo mkononi mwako si lazima iwe ile iliyotoka kwenye pakiti.

Kuhusu bandia, ambazo ni nyingi, usitegemee alama moja. Linganisha vitu kadhaa kwa pamoja: pembe za plastiki zilizoachwa na mabaki ya kalibu, pete iliyomwagwa vibaya na kubaki na vitundu, shingo inayolegea ndani ya pete, na uzito unaotofautiana sana na wa pete nyingine ya aina ileile.

Kwa suala la rangi na tupa, jibu langu ni hapana. Iliyo kamili ioshe kwa maji ya uvuguvugu, sabuni na mswaki laini, uikaushe vizuri, kisha uiweke mbali na jua. Pete hizo ni za aloi ya zinki, na unyevu huzifanya zitoe ungaunga mweupe.

Fundi Kerezo, Kisumu:

Nampinga kidogo mwenzangu wa Bungoma, ingawa kwenye usafishaji nakubaliana naye kabisa. Kitu kilichotengenezwa ili kigongane hakidhalilishwi kwa kugonganishwa. Swali ni pia ipi igonganishwe. Tenganisha zako makundi mawili: zilizo kamili na halisi zikae kabatini, na zile za bandia, zilizovunjika au zilizochanganywa ziwe za karakana. Huko ndiko pa kujifunzia.

Hata huko karakana, badilisha kabla hujakata. Pia za chuma ziliundwa ili mchezaji azifungue na kuzipanga upya, na mabadiliko makubwa kuliko yote hutokana na kubadilisha shingo na ncha tu. Ukishusha pete kwa shingo fupi, itampiga mpinzani chini ya kiuno chake. Ukiweka ncha bapa ya mpira, pia itakimbia uwanja mzima, hasa ukiirusha kwa kuiinamisha kidogo, lakini itachoka mapema. Ukiweka ncha iliyochongoka, itasimama katikati na kuzunguka muda mrefu, ila ikipigwa itasukumwa kirahisi. Mtu anaweza kucheza mwaka mzima na michanganyiko hiyo bila kugusa tupa.

Ncha iliyopotea inakerezeka. Hapa Kisumu wapo mafundi wenye mashine za kukereza wanaotengeneza bushi za magari kwa vijiti vya nailoni, na mabaki ya vijiti hivyo yanatosha kabisa kwa kazi yako. Mpelekee fundi shingo yenyewe ili apime tundu lake, na umwombe aache ncha ibane kwa msuguano bila gundi. Nailoni haikamati sakafu kama mpira, hivyo utapata pia ya kukaa katikati na si ya kukimbia. Ukifika soko la Kibuye siku ya Jumapili, pitia pia wauzaji wa vitu vya watoto, maana pia iliyovunjika pete mara nyingi huwa na ncha nzima.

Bolti ya juu, ile ya katikati inayoshikilia vipande pamoja, usiikaze kwa koleo. Nyuzi zimo kwenye plastiki, na zikishaliwa shingo hiyo huna tena.

Hesabu na Nguvu, Kakamega:

Naomba niongeze sababu ya kutotia makali, kwa kuwa hadi sasa imesemwa kama suala la heshima kwa kitu cha kale, ilhali ni suala la fizikia.

Pia hudumu kuzunguka kutokana na jinsi uzito wake ulivyosambaa kuuzunguka mhimili. Gramu moja iliyo pembeni mwa pete ina athari kubwa kuliko gramu moja iliyo karibu na katikati, kwa sababu umbali kutoka kwenye mhimili huhesabiwa kwa mraba: ukiuongeza mara mbili, mchango wa gramu hiyo huongezeka mara nne. Tupa hula chuma cha pembeni, mahali penye thamani kubwa zaidi. Zaidi ya hayo, mkono wa binadamu hauwezi kuondoa kiasi kilekile kila upande, na tofauti ndogo ya upande mmoja huifanya pia itetemeke, na mtetemo huo hula mwendo wake. Wale wanaobandika kibati cha uzito chini ya bolti ya katikati nao hupata faida ndogo, kwa sababu hiyohiyo. Rangi ya kupuliza huleta tatizo kama hilo kwa kiwango kidogo, na itabanduka katika mpambano wa kwanza.

Kama rangi ni lazima, paka pete ya plastiki peke yake, safu nyembamba, na usitumie asetoni wala thina kuondoa gundi ya kibandiko, kwani huyeyusha plastiki. Mafuta ya kupikia hulainisha gundi hiyo bila madhara.

Pia iliyotiwa makali, pamoja na kasi yake, inaweza kumpasua mtoto jicho. Mpwa wako atacheza nazo, kwa hiyo hilo peke yake lingetosha kufunga mjadala.

Mpenda Pia, Nakuru:

Nawashukuru nyote kwa dhati. Nimezipima kama mlivyoelekeza, na mojawapo ina shingo ya milimita 10 na ncha bapa yenye tundu katikati. Nikiizungusha kwa vidole kuelekea kulia, kama nyingine, meno ya pete yake yanaonekana kuelekea kinyume. Je, ina kasoro?

Kabati la Kioo, Bungoma:

Haina kasoro hata kidogo. Maelezo hayo yanalingana na Lightning L-Drago 100HF, ambayo huzunguka kushoto, na kifyatulio cha kawaida cha kulia hakitaizungusha. Tafadhali hiyo usiipeleke karakana.

Hesabu na Nguvu, Kakamega:

Ukipata kifyatulio chake, ishindanishe na inayozunguka kulia. Pia mbili zinazozunguka upande mmoja hugongana huku nyuso zake zikienda kinyume pale zinapogusana, ndiyo maana huruka kwa kishindo. Zikizunguka pande tofauti, nyuso huenda pamoja mfano wa gia mbili, na iliyochoka huweza kuchota mwendo kutoka kwa yenye kasi.

Fundi Kerezo, Kisumu:

Ninacho kifyatulio cha kushoto cha kamba, kizima, na sina pia ya kukitumia. Nitumie picha ya ile shingo isiyo na ncha pamoja na vipimo vya tundu lake. Ikiwa una shingo ya 145 ya ziada tutabadilishana, nami nitakifunga pamoja na ncha ya nailoni katika kifurushi kimoja na kukituma kwa matatu ya Nakuru. Uwanja usinunue kwanza. Karai la bati lenye kitako cha mviringo linatosha, mradi pia za ncha za mpira uzitumie humo mara chache, kwa kuwa bati lenye mikwaruzo hula mpira upesi.