Kodi ya Python (lugha ya programu) inakubali kwangu ila kisahihishaji, yaani mashine inayosahihisha mazoezi, kinaigomea

Wakuu naombeni msaada, zoezi la Python kujumlisha namba mbili, kwangu naweka 2 na 3 inaleta 5 fresh kabisa, nikituma kwa kisahihishaji inakataa:

a = int(input("Weka namba: "))
b = int(input("Weka namba: "))
print(a + b)

— Hayo maneno "Weka namba" ndo yanakuua mkuu, input() inayaprinti pia, so mashine inaona "Weka namba: Weka namba: 5" na yenyewe inataka 5 tupu. Acha mabano matupu, input() basi. Hizi mashine hazina utu kabisa.

— Cheki pia swali, kama namba zote ziko mstari mmoja int(input()) itagoma, tumia a, b = map(int, input().split())

— Imepita aisee, kijani tupu! Shukrani wakuu