Draiva za pembeni zipigwe marufuku kwenye zabuni za umma?

FundiWaMakulu: Wakuu, najua hili litachoma watu. Seva zetu hapa Dodoma zinasoma diski za SAN (mtandao wa hifadhi ya data) kwa Fibre Channel, njia ya kasi ya kuunganisha diski hizo, na draiva (programu ya kuendesha kifaa) tuliyopewa na muuzaji ni ya pembeni, haimo kwenye kerneli, yaani kiini cha Linux. Kila kerneli ikibadilika, DKMS, programu ya kujenga draiva za pembeni, inaikompaili upya. Wiki jana apdeti ikapita usiku, draiva ikagoma kujengeka, seva ikawaka haioni hata LUN moja (diski ya SAN). Nimetoka Makulu kwa bodaboda saa nane usiku, na ule upepo wa Dodoma mnaujua. Kurudi kerneli ya zamani kwenye GRUB, menyu ya kuwashia, ndiko kulikoniokoa. Hoja yangu: zabuni iandike wazi, kifaa cha draiva ya pembeni kisinunuliwe. Mnasemaje?

ZabibuChungu: Apdeti ya kerneli inajipitisha yenyewe kwenye seva ya kazi? Hapo draiva haina kosa mkuu. Vijana wa chuo siku hizi kazi yao kubonyeza tu.

FundiWaMakulu: Niliikuta imewekwa hivyo. Na chuo nimemaliza 2009, kijana ni wewe.

DadaSeva: Umri tuuache. Watu wa kerneli hawajamficha mtu: programu za juu hawazivunji, ila ndani kwa ndani hawaahidi kitu. Greg Kroah-Hartman, mmoja wa wakuu wa kerneli, aliandika waraka mzima kueleza kwa nini, umo humo humo kwenye kerneli. Kwenye kerneli 5.16 waliiondoa ile pointa ya scsi_done (ya kuarifu kuwa amri imekwisha) iliyokuwa kwenye kila amri ya SCSI, lugha ya kuongea na diski, ikabaki funksheni ya kuita. Draiva za ndani zikarekebishwa na walewale waliobadilisha. Ya pembeni anahangaika nayo mwenyewe aliyeiandika, anabandika masharti ya kila toleo, `#if LINUX_VERSION_CODE`, mpaka faili linakuwa viraka vitupu.

ZabibuChungu: Kusema draiva iingie ndani ya kerneli ni rahisi. SCST, ya kuifanya seva ya Linux igawie seva nyingine diski, mnaijua? Ilishindana na LIO, mwaka 2011 kwenye kerneli 2.6.38 watu wa kerneli wakachukua LIO. SCST iko nje mpaka leo na watu wanaitumia. Nayo tuipige marufuku?

MzeeKizota: Wajukuu, samahani. Hiyo "draiva" ndiyo nini? Kiswahili kina neno, kiendeshi.

NkuhunguMwisho: Shikamoo mzee. Kiendeshi si ndiyo diski? Kwa hiyo fundi alikosa kiendeshi cha kiendeshi?

MzeeKizota: Marahaba. Diski ni diski. Unacheka lugha ya mama yako.

NkuhunguMwisho: Mama yangu lugha yake Kigogo, mzee. Kiswahili nilikikuta shuleni, na fimbo juu.

ZabibuChungu: 😂😂 Nadhani BAKITA wana kiendeshi NA kiendeshaji, kimoja ni diski. Au zote mbili ni diski?

MzeeKizota: Mimi nimetumia diski laini, zile za kupepea kama chapati. Usinifundishe.

DadaSeva: Jamani, SAN! Fundi, kadi yenyewe ya Fibre Channel ni ipi? Draiva kama qla2xxx na lpfc zimo ndani ya kerneli miaka mingi.

FundiWaMakulu: Jina sitaji. Ya ndani ipo na inafanya kazi. Ila mkataba wa matengenezo wa muuzaji unasema wakikuta si draiva yao, simu hawapokei.

ZabibuChungu: Kumbe! Basi kwa masharti yako kifaa hicho hicho kingepita zabuni. Umekuja kuishtaki kerneli, kumbe kesi ni ya mkataba.

FundiWaMakulu: Sijaishtaki kerneli, soma tena. Au kusoma nako ni kazi ya vijana wa chuo?

DadaSeva: Hata hivyo ana hoja, masharti ya matengenezo nayo yaingie kwenye zabuni. La sivyo mlipie Red Hat, kampuni ya Linux ya kulipia. Wana orodha ya simboli (majina ya funksheni za kerneli) wasizozigusa toleo kubwa zima, draiva ya pembeni ikizishika hizo tu inadumu.

NkuhunguMwisho: Kwa hela ya nani, dada? Tulihamia CentOS 8, nakala ya bure ya Linux ya Red Hat, tukaambiwa itahudumiwa mpaka 2029, ikakatwa mwisho wa 2021. Mimi bado nina kidonda.

ZabibuChungu: Ulihamia bila kujaribu?

NkuhunguMwisho: We jamaa una shida gani na watu?

MzeeKizota: Nimemuuliza mjukuu wangu wa sekondari. Anasema kiendeshaji. Yeye naye namtilia shaka.