Kule Bagamoyo kila kintu kilikuwa kinanirudisha Katanga, ni alama ao ni bahati tu? Nipeni shauri

Mwana_Katuba:
Bandugu jambo, miye niko L'shi (Lubumbashi), Congo. Nilikuwa Dar kufata gari ku bandari, papie zikachelewa, mulamu (shemeji) wangu akasema badala ya kukaa na joto ya Kariakoo twende Bagamoyo tupumuzike ku bahari. Sasa sikieni. Boti ya kwanza naona ku mchanga imeandikwa MWENDA, na njo jina ya nkambo yangu mwanaume (babu), shiye ni Bayeke, kabila ya Bunkeya kule Katanga. Nikacheka nikapiga foto. Chumba ya gesti: 117, namba ya parsele (kiwanja) yetu ya Katuba, mutaa wetu ku L'shi!! Kisha kijana mwenye kutembeza batu ku magofu ya Kaole anauliza munatoka wapi, namwambia Lubumbashi, anasema "aah, kwa Msiri", mufalme wetu wa zamani. Na magaribi ileile mama anatuma vokali ku WhatsApp kusema nkambo mwanamuke analia anataka kuona Bunkeya mbele ya kufa. Mwili ukanisisimuka hata samaki changu nilishindwa kumaliza, na ilikuwa ya bei.
Mama anasema bankambo banaita, nimupeleke. Pasta anasema nifunge na kuomba. Mulamu anacheka tu. Falanga iko lakini ni ya kutoa gari ku duane (forodha) ya Kasumbalesa, mupaka wetu na Zambia. Nifanye nini?

Kamalondo_Boy:
Bankambo habana na WhatsApp yaya, njo njia yabo hiyo. Enda.

Etudia_UNILU:
Pole pole. Carl Jung, munganga wa akili wa Uswisi, mu 1952 aliandika juu ya mambo kama haya, bintu mbili vinakutana, kimoja hakikuleta kingine, lakini mutu anaona maana, akaiita sinkronisiti. Batu ba siansi wengi habakumufata. Hesabu inasema ingine: weka batu 23 mu chumba moja, uwezekano wa wawili kuwa na siku moja ya kuzaliwa unapita nusu, na hakuna mutu anawaziaka ivo. Weye uliona boti ngapi kule? Ile zenye majina ingine ulizipiga foto?

TantineFefe:
😂😂 Kweli, siku nilinunua gari Toyota Ist nyeusi njo niliona L'shi yote inatembeza Ist nyeusi. Hazikuongezeka, ni macho yangu.

Mzee_wa_Likasi:
Batoto, munabishana bure. Namba ya chumba ni bahati, achana nayo. Lakini Mwenda na Msiri ku Bagamoyo, hapana, ile iko na sababu. Msiri, naye jina yake ilikuwa Mwenda, alitoka Unyamwezi, pande za Tabora, baba yake Kalasa alikuwa anakuja Katanga kutafuta shaba. Na Tabora njo ilikuwa kituo kikubwa cha misafara ya pembe na watumwa yenye kuishia Bagamoyo, Banyamwezi ndio bapagazi. Hata bale ba kapiteni Stairs, benye mufalme Léopold wa Ubelgiji alituma kumufata Msiri kule Bunkeya, balianzia pwani ileile, Bodson, ofisa wa Stairs, akamupiga risasi tarehe 20 Desemba 1891, Msiri akafa palepale. Basi majina yetu kuwa kule ni ya ajabu gani? Hata gari yako inatoka bahari ileile, ni njia tu imehama, siku hizi inapita Tunduma na Kasumbalesa. Nkambo kulia Bunkeya nayo si alama, ni ombi ya mutu muzima anayesema na mudomo wake.

Kamalondo_Boy:
Mzee umenifunga mudomo. Lakini 117 bado inanisumbua mi.

Mwana_Katuba:
Aksanti sana papa, mulamu nimemusomea hii naye ameacha kucheka. Nimeamua gari itoke kwanza, kisha nkambo nimupeleke na gari yenyewe, ile ya kufunga na pasta tutaona. Kutoka Likasi barabara ya Bunkeya iko namna gani kwa gari ndogo?

Mzee_wa_Likasi:
Gari ndogo enda mu kiangazi, mvua ikianza utalala njiani. Bebea nkambo blanketi, asubuhi ni baridi mubaya.