Gumzo la Majirani wa Ngulelo, Arusha: Kivuko cha Njia Nne

Mama Neema: Shikamooni wazee wetu, na habari za jioni majirani. Naomba tuzungumzie kivuko cha waenda kwa miguu kwenye barabara yetu ya njia nne kabla shule hazijafunguliwa Jumatatu. Leo mama mkwe alikuwa anatoka soko la Tengeru. Daladala ikamshusha ng'ambo, akavuka nusu ya kwanza, kisha akakwama kwenye tuta la katikati akiwa na beseni la ndizi kichwani, huku malori yakimpita mbele na nyuma. Alipofika nyumbani mikono ilikuwa bado inatetemeka.

Mzee Laizer: Marahaba, mwanangu, na mpe mama pole yangu. Barabara yenyewe siilaumu. Nilikuwapo Tengeru tarehe 3 Machi 2016, Rais Magufuli na Rais Kenyatta walipoweka jiwe la msingi la barabara ya Arusha hadi Holili, Taveta na Voi, na nilifurahi kwa dhati, maana foleni ya Sanawari ilikuwa imetuchosha. Sasa kipande hiki cha Sakina hadi Tengeru, kilomita 14.1 tu, kinalipitisha basi la Namanga kaskazini ya mji bila kufika Mnara wa Saa ulio katikati ya mji. Lakini sisi tunaoishi kandokando yake tunavuka kwa miguu.

Baba Elia: Shikamoo mzee. Mimi ni dereva wa lori, nami nasema ninachokijua. Lori linalotoka Namanga kwenda Moshi halina haja ya kupita hapa, kwa kuwa barabara ya mchepuko ya kilomita 42.4, inayoanzia Ngaramtoni na kutokea Usa River, ilijengwa kwa ajili yetu. Wenzangu wengi hukata huku kwa sababu ni karibu. Ukiona njia mbili tupu mbele yako, mguu unakuwa mzito wenyewe, na lori lililopakia halisimami ghafla hata breki zikiwa nzima. Kwenye makazi mwendo ni kilomita 50 kwa saa, na anayeuzidi anajua.

Mwalimu Rehema: Jana nilikwenda kukitazama kivuko. Upande wa kuelekea mjini imebaki mistari minne ya rangi nyeupe, na upande wa kuelekea Tengeru hakuna hata mmoja, kwa hiyo dereva mgeni hawezi kujua kwamba watoto wanavukia hapo. Nimeanza kuandika barua ya kuomba rangi, matuta na kibao cha mwendo, nami nitaipitisha kwa mwenyekiti wa mtaa kesho baada ya ibada. Wakati tunasubiri jibu, tunahitaji watu wazima wawili kila asubuhi, kuanzia saa 12:15, mmoja kila upande.

Mama Neema: Mimi nitasimama kila siku upande wa kwetu. Bendera nyekundu nitazishona usiku huu.

Baba Elia: Niandikeni Jumatatu na Jumatano upande wa ng'ambo, kwani siku hizo sisafiri.

Mzee Laizer: Nami Alhamisi, mkinipa kiti.