Shemeji anakuja mezani na taulo, anayesemwa ni binti yangu!

Habari za usiku wakuu. Naandika nimefura, mtanisamehe nikirukaruka.

Mwaka wa pili huu tunaishi kwa wakwe zangu hapa Dar, mimi, mume wangu na binti yetu wa miaka 13. Sebule moja, meza moja, feni moja. Ikigonga taarifa ya habari ya saa mbili chakula kiwe kimeshapakuliwa na wote tumekaa. Hilo halinisumbui. Kinachonichoma ni nguo.

Sheria ya mama mkwe: mwanamke hakai mbele ya baba mkwe na nguo ya kubana wala kichwa wazi. Nimeifuata tangu siku ya kwanza. Natoka kwenye jiko la mkaa jasho linanitiririka mgongoni, nakimbia kubadili, navaa dera, najitanda kanga juu yake, ndiyo napakua. Na mwezi huu wa pili mnaujua Dar ulivyo, umeme ukikatika hiyo kanga kichwani inageuka mvuke mtupu. Sijawahi kufungua mdomo, kwa sababu mkwe ni mkwe.

Sasa wanaume wa nyumba hii! Mume wangu bukta, kifua wazi. Shemeji mkubwa singlendi iliyotoboka, akiinuka kuchota mchuzi kwapa lote liko juu ya bakuli. Shemeji mdogo, mtu mzima wa miaka 26, anatoka bafuni na taulo kiunoni, maji yanamdondoka, anavuta kiti anakaa. Anakula ugali na taulo! Na mguu kaukunja juu ya kiti! Pembeni yake kakaa binti yangu.

Jumapili mtoto alikuja mezani na tisheti na pensi iliyopita magoti. Mama mkwe akarudisha tonge kwenye sahani: "Wewe, hapa yupo babu yako, kavae nguo." Mtoto akainuka machozi yanamlengalenga. Mwenye taulo yupo palepale anachambua perege, hakuna aliyemgeukia. Nikauliza kwa adabu zote, "Mama, na baba yake mdogo je?" Nikajibiwa, "Huyo yuko kwao, na joto hili unataka avae koti?"

Joto! Kwani sisi wenye dera na kanga joto halituoni?

Na mtu asiniambie ndiyo mila za pwani. Nimezaliwa Tanga, nimelelewa na bibi. Wanaume walikula sinia lao barazani, wanawake na watoto uani, hata angekuwepo wa kupunguza nguo angekuwa na wenzake. Na hawakupunguza. Babu alioga kabla ya magharibi, akajifunga msuli mpaka kwenye vifundo vya miguu, akavaa shati safi, ndipo akasogelea mkeka. Bibi alikuwa na doti yake ya kanga za kiwanda cha Urafiki, ya jioni tu, haiingii jikoni wala haibebi maji. Chakula kiliheshimiwa na wote. Nyumba hizi za mjini uani kumejengwa vyumba vya wapangaji, tumekusanywa wote sebuleni, na heshima tumebaki nayo wanawake peke yetu.

Msuli tu wakuu! Mwepesi, unapitisha hewa, kuufunga hata dakika haiishi. Niliwanunulia mitatu Kariakoo kwa hela yangu. Ipo kabatini mpaka leo na mikunjo yake ya dukani.

Tangu Jumapili nampelekea binti yangu chakula chumbani. Jana mama mkwe kauliza kwa nini mtoto hali na wenzake. Nikamtazama mume wangu, nikijua atasema. Akaongeza sauti ya tivii.

Baba mkwe mwenyewe sijawahi kumsikia akitamka neno juu ya nguo ya mtu. Kesho nikitoka kazini nataka nimfuate yeye moja kwa moja. Mliokaa ukweni, niambieni naanzia wapi, maana nikimwendea na hasira hizi nitaharibu.